Toba ya Serikali Hupimwa kwa Kilichorudishwa

Wakenya wenzetu, tangu Bunge lilipokifuta kifungu cha 2A cha Katiba mnamo Desemba 1991, hakuna serikali iliyoshika madaraka nchini humu ambayo haikutangaza vita dhidi ya ufisadi. Serikali ya KANU ilivitangaza. Serikali ya NARC ikavitangaza kwa sauti kubwa zaidi. Serikali ya mseto, serikali ya Jubilee na serikali ya Kenya Kwanza zikavitangaza vilevile. Tumeundiwa mamlaka, tume, kamati, majopo na vikosi, na tumeandikiwa sheria ambazo zikirundikwa mahali pamoja zingemshinda hamali kuzibeba. Hata hivyo, katika orodha ya mwaka 2024 ya shirika la Transparency International, Kenya ilipewa alama 32 kati ya 100, ikawa nchi ya 121 kati ya nchi 180. Taifa lililopigana na adui mmoja kwa zaidi ya miaka 30, nalo likabaki karibu pale pale lilipoanzia, lina haki ya kuuliza iwapo majemadari wake walikuwa wakipigana kweli, au walikuwa wakipiga ngoma za vita tu.

Hatuulizi kama ufisadi upo. Mama anayeombwa kitu kidogo ili mwanawe apate kitambulisho hahitaji gazeti limweleze. Tunalouliza ni jingine, na ni gumu zaidi: mwananchi wa kawaida, asiye na faili za siri wala rafiki Ikulu, atajuaje kwamba mageuzi anayotangaziwa na serikali ni mageuzi ya kweli, wala si kanzu mpya iliyovikwa mwili ule ule?

Jibu letu tutalitoa mapema, kisha tutaonyesha tulivyolifikia. Serikali haipimwi kwa tume ilizounda. Hupimwa kwa mamlaka iliyokubali kuyaachilia, kwa mali iliyoirudisha kwa umma, na kwa wakubwa wake iliowaacha wasimame mbele ya sheria wakiwa bado ni wakubwa.

Yafaa kwanza kuelewa ufisadi wetu ni wa namna gani, kwa sababu mganga asiyeujua ugonjwa hutoa dawa ya kichwa kwa mtu aliyevunjika mguu. Wako wanaotuambia kwamba ufisadi ni tabia mbaya ya karani, askari wa barabarani na chifu. Hao wapo, na tunawalaani. Lakini hebu na tuikumbuke Goldenberg.

Mwaka 1990 kampuni ya Goldenberg International iliomba ipewe peke yake haki ya kuuza dhahabu na almasi katika nchi za nje, na ilipwe na serikali asilimia 35 ya thamani ya mauzo hayo. Sheria iliruhusu asilimia 20 kwa wauzaji wa bidhaa ng'ambo, ili kuwatia moyo walete fedha za kigeni. Asilimia 15 iliyobaki iliongezwa kana kwamba ni sadaka. Kila mtoto wa shule ajua kwamba Kenya haina machimbo ya almasi, na dhahabu yake ni kidogo. Hata hivyo stakabadhi ziliandikwa, mihuri ikapigwa, na Hazina ikalipa fidia kwa ajili ya madini ambayo kwa sehemu kubwa hayakuwahi kutoka ardhini mwetu. Jaji Samuel Bosire na wenzake, walioteuliwa mwaka 2003 kuichunguza kashfa hiyo, walifuatilia takriban shilingi bilioni 158 zilizopita mikononi mwa mamia ya makampuni na watu binafsi.

Je, lilikuwa kosa la karani? La hasha. Karani mmoja wa Benki Kuu ya Kenya, marehemu David Munyakei, ndiye aliyezishangaa karatasi zilizopita mezani pake, naye akazifikisha kwa wabunge wa upinzani, hata jambo hilo likaibuka Bungeni mwaka 1993. Malipo yake yalikuwa kukamatwa na kufukuzwa kazi. Waliotia saini walikuwa juu yake, na waliowaamuru hao walikuwa juu zaidi.

Tena tuitazame kalenda. Wizi huo ulianza wakati kilio cha vyama vingi kilipokuwa kikipanda, ukaendelea hadi baada ya uchaguzi wa Desemba 1992. Katika uchaguzi ule fedha zilimwagwa kama maji ya mvua, hata noti ya shilingi 500 ikapewa na wananchi jina la mwenyekiti wa kundi la vijana lililompigia rais debe. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Mwalimu aliyekuwa na mshahara ule ule akakuta unga, mafuta ya taa na karo vimempita mbio. Maskini aliyepewa noti moja siku ya kura aliilipa mara nyingi kabla mwaka haujakwisha.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Ufisadi mkubwa nchini mwetu haukuwa wizi uliofanyika serikali ilipolala. Ulikuwa njia ya kukishika kiti. Fedha za umma zilinunua uaminifu wa wakubwa, uaminifu huo ukaleta kura, na kura zikafungua tena mlango wa Hazina. Kwa hiyo mtawala anayeahidi kuufuta ufisadi bila kugusa namna anavyokipata na kukilinda kiti chake anaahidi kukata tawi bila kugusa shina. Kesi ya nyani haiwezi kupelekwa kwa ngedere.

Tuyatazame sasa mageuzi yenyewe, moja baada ya jingine.

Mwaka 1997 Shirika la Fedha Duniani lilisimamisha mkopo wake kwa serikali kwa sababu ya utawala mbovu. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, nayo Mamlaka ya Kukabiliana na Ufisadi ikazaliwa. Mkurugenzi wake wa kwanza aliteuliwa Desemba 1997, akasimamishwa kazi mwaka 1998 kabla hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1999 wahisani walipokuwa wakali tena, Rais Moi alimwita Dakta Richard Leakey aongoze utumishi wa umma pamoja na kundi la wataalamu waliosifiwa sana. Mwaka 2000 mkopo ukafunguliwa. Mnamo Desemba 2000 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Mamlaka ile ilikuwa kinyume cha Katiba, kwa vile ilimnyang'anya Mwanasheria Mkuu kazi yake ya kuendesha mashtaka. Machi 2001 Leakey akaondoka, na Agosti mwaka huo mswada wa kuipa Mamlaka hiyo msingi wa kikatiba ukashindwa Bungeni.

Hatusemi kwamba majaji hawakuwa na hoja ya kisheria. Twasema kwamba serikali iliyojenga nyumba juu ya mchanga, huku ikiwa na mawakili wa kutosha wa kuiambia kwamba ni mchanga, haina haki ya kushangaa nyumba ilipoanguka. Na twasema zaidi: mageuzi yaliyozaliwa kwa sababu mkopo umefungwa yalidumu kwa kadiri ya mkopo wenyewe. Mwenye deni aliye mlangoni si sawa na dhamiri iliyo moyoni.

Kisha ikaja alfajiri ya 2002. Sisi tuliokuwapo Uhuru Park tarehe 30 Desemba twaikumbuka furaha ile. Katika wiki zilizofuata abiria walithubutu kuwazuia askari wasichukue hongo mbele ya macho yao. Serikali ya Rais Kibaki ilianza vizuri, na haki yatulazimu tuseme hivyo. Mwaka 2003 zilipitishwa sheria mbili: ile ya kupambana na ufisadi na uhalifu wa kiuchumi, na ile ya maadili ya watumishi wa umma. Tume ya Bosire iliteuliwa. Tume ya Ndung'u iliteuliwa kuchunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, nayo katika ripoti yake ya 2004 ikataja hatimiliki zipatazo 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria. Majaji 23 walisimamishwa kazi mnamo Oktoba 2003. John Githongo, aliyekuwa akiupiga vita ufisadi kutoka nje ya serikali, aliitwa ndani akawa katibu wa kudumu wa utawala na maadili.

Lakini katika nyumba hiyo hiyo iliyokuwa ikifagiliwa, Anglo Leasing ilikuwa jikoni inapika. Kandarasi 18 za vifaa vya usalama, zenye thamani ya dola milioni 770 hivi, zilitiwa saini na makampuni ambayo mengine hayakuwa na ofisi yoyote ya kweli. Baadhi zilianzia enzi ya KANU, na nyingine zikaandikwa chini ya waliokuja kuisafisha KANU. Habari zilipofichuka mwaka 2004, mamilioni ya fedha yalirudishwa serikalini kimya kimya, bila mtu kujitokeza kusema ni nani aliyeyarudisha. Ni biashara gani halali ambayo mwenyewe hurudisha malipo yake gizani? Februari 2005 Githongo alijiuzulu akiwa London. Na mwaka 2014, ili nchi iweze kukopa katika masoko ya ng'ambo, serikali iliyokuwapo ililipa shilingi bilioni 1.4 kutokana na kandarasi hizo hizo, kwa vile kesi zilikuwa zimepotezwa katika mahakama za nje. Kwa hiyo aliyeibiwa alitozwa na gharama za wizi.

Funzo la pili ni hili. Kubadilisha watawala si kubadilisha utawala. Mwizi alipotoka mlango wa mbele, ufunguo wa ghala haukubadilishwa. Ulipokezwa.

Tangu hapo tumeona majina yakibadilika. Ile Mamlaka ya 1997 ilifuatwa na tume chini ya sheria ya 2003. Mwaka 2011 tume hiyo nayo ilivunjwa kwa sheria mpya, mkurugenzi wake akaenda nyumbani, ikaja Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi. Ng'ombe ni yule yule, kilichobadilishwa ni kengele. Na kila mara kengele ilipobadilishwa, wachunguzi walianza upya, faili zikahamishwa, mashahidi wakazeeka, na washtakiwa wakapata miaka ya kupumua.

Katiba ya Agosti 2010, ambayo wengi wetu tuliipigania mabarabarani na makanisani, ilituwekea Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu. Tulidhani tumeupata ukuta. Lakini Katiba hiyo hiyo yasema mtu aliyehukumiwa hazuiwi kugombea ubunge hadi nafasi zote za rufani zimalizike, na Bunge lilipoitunga sheria ya uongozi na uadilifu mwaka 2012 liliipunguza makali. Matokeo yake ni kwamba mwombaji wa kazi ya utarishi huombwa cheti cha tabia njema, huku mwombaji wa ugavana aliye na kesi ya mabilioni akiombwa ada ya uteuzi tu.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alipeleka Bungeni orodha ya maafisa waliotuhumiwa, na mawaziri kadhaa wakakaa kando. Mwaka huo huo yakatokea ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, yaani mamia ya mamilioni ya shilingi, na mwaka 2018 yakatokea tena mahali pale pale, mara hii kwa mabilioni. Vijana waliotakiwa kusaidiwa na mradi ule wakawa jina tu kwenye vocha. Na baada ya uchaguzi wa Agosti 2022 afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma iliomba kuondoa kesi kadhaa za wanasiasa walioshinda, ikiwemo ile ya shilingi bilioni 7.4 iliyomhusu naibu wa rais mpya, nayo ikaondolewa Novemba mwaka huo. Hatusemi kwamba washtakiwa walikuwa na hatia, kwani kila mtu hana hatia hadi mahakama iseme. Lakini twauliza: kama ushahidi haukuwapo, kwa nini waliburutwa kortini kabla ya uchaguzi? Na kama ulikuwapo, ulikwenda wapi baada ya uchaguzi? Kwa jibu lolote kati ya hayo mawili, mashtaka yalitumiwa kama rungu la siasa, na vita dhidi ya ufisadi vikapoteza heshima mbele ya watu.

Ndipo vijana wakasimama. Juni 2024 walijaa mabarabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wakimwita Rais William Ruto jina la Zakayo kwa sababu ya kodi. Hawakulalamikia kodi peke yake. Walisema wazi kwamba hawawezi kutozwa zaidi ili wengine waibe zaidi. Tarehe 25 Juni walifika ndani ya Bunge, na risasi zikawajibu. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo. Rais alikataa kuutia saini mswada ule, na tarehe 11 Julai akawafuta kazi karibu mawaziri wake wote. Katika wiki zilizofuata baadhi ya waliofutwa walirejea mezani, wengine katika wizara zile zile.

Jina la Zakayo lilitolewa kwa dhihaka, lakini lina mafundisho kuliko dhihaka yenyewe. Kila mtoto wa shule ya Jumapili ajua kwamba mtoza ushuru yule hakuitwa mwenye haki kwa sababu alishuka mtini. Kushuka mtini ni jambo la miguu. Toba yake ilionekana alipokubali kugawa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuwarudishia wale aliowadhulumu mara nne. Hakuunda kamati ya kuchunguza dhuluma za watoza ushuru. Alirudisha. Kipimo hicho chatosha kwa serikali yoyote, iwe ya chama gani.

Kwa hiyo twawapendekezea wasomaji wetu, katika vikundi vya haki na amani, katika mabaraza na katika mikutano ya parokia, maswali matano ya kuuliza kila mara serikali inapotangaza mageuzi mapya.

La kwanza: Je, mali imerudi, nayo imerudi mchana? Mwaka 2008 hoteli ya Grand Regency, iliyohusishwa na fedha za Goldenberg, ilirudishwa kwa Benki Kuu. Tulishangilia. Kabla shangwe haijatulia tukasikia kwamba imekwisha kuuzwa kwa Walibya bila mnada wa wazi, hata Bunge likapiga kura ya kutokuwa na imani na waziri wa fedha, naye akakaa kando. Mali ikirudishwa mchana na kuuzwa usiku, umma umeibiwa mara mbili.

La pili: Ni nani anayeshika ufunguo wa mashtaka? Uchunguzi bila mashtaka ni kelele. Mchunguzi na mwendesha mashtaka wasipokuwa huru na Ikulu, kila faili hubaki kamba shingoni mwa mwanasiasa: hukazwa akiasi, hulegezwa akirejea zizini.

La tatu: Je, anayefichua analindwa? Munyakei alifariki mwaka 2006, akiwa amepoteza kazi na raha ya maisha kwa ajili ya kutuonyesha wizi wetu wenyewe. Mwaka 2024 sheria ya kuwalinda wafichuzi ilikuwa bado ni mswada. Zaidi ya miaka 30 baada ya Goldenberg! Sheria za kuongeza mishahara na marupurupu ya wabunge hazijawahi kusubiri hivyo.

La nne: Je, sheria imemgusa mkubwa aliye karibu na kiti akiwa bado karibu nacho? Ni rahisi kumshtaki aliyeanguka. Hata mtoto humpiga mawe nyoka aliyekufa. Serikali huaminika inapomshtaki rafiki yake.

La tano: Je, wananchi wanaonyeshwa vitabu? Sheria ya 2003 iliwataka watumishi wa umma watangaze mali zao, kisha ikayafanya matangazo hayo kuwa siri. Siri hiyo ilimlinda nani? Si mwalimu wa Kitui mwenye baiskeli na mbuzi watano. Mnamo Julai 2025 ilitiwa saini sheria kuhusu mgongano wa maslahi, baada ya mivutano ya muda mrefu. Tunaikaribisha. Lakini tutaipima kwa swali hili: mwananchi aweza kujua, bila kumhonga mtu, kwamba waziri fulani ana hisa katika kampuni iliyopewa kandarasi na wizara yake?

Tunajua majibu tutakayopewa. Tutaambiwa kwamba mambo mema huja polepole. Ni kweli, na sisi hatudharau hatua ndogo. Makubaliano ya wabunge wa vyama vyote ya Septemba 1997 yalikuwa na kasoro nyingi, na wengi wetu tuliyalaumu, ila yaliondoa baadhi ya minyororo ya kikoloni iliyozuia mikutano. Lakini polepole ni mwendo wa kwenda mbele. Anayezunguka mti haendi polepole. Haendi.

Tutaambiwa pia kwamba watu wa jamii fulani wanalengwa. Hili ndilo ngao kongwe kuliko zote. Mtu huiba peke yake, hujenga jumba peke yake, huwapeleka wanawe kusoma ng'ambo peke yake. Siku anapoitwa na wachunguzi, ndipo hukumbuka kwamba ana kabila. Wazee huitwa, ng'ombe huchinjwa, na maskini ambao zahanati yao haina dawa huandamana kumtetea aliyezila dawa. Twawasihi ndugu zetu wa kila jamii: mwizi hana kabila, ila aliyeibiwa ana jina, na jina hilo ni lako.

Na sasa neno kwa makanisa, kwa maana waumini ni sehemu kubwa ya wasomaji wetu. Kanisa nchini humu lina historia ya kuheshimika. Lilisema wazi juu ya kura ya mlolongo ya 1988 wakati wengi walikuwa wamenyamaza, na jarida la Baraza la Kitaifa la Makanisa lililoitwa Beyond likapigwa marufuku kwa ajili hiyo. Tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi na kuwapiga waliokuwa wakisali na kudai mageuzi. Damu ile ni deni.

Lakini kuna mlango mmoja ambao makanisa yetu yameuacha wazi, nao ni mlango wa harambee. Mwanasiasa huingia Jumapili na bahasha, hupewa kiti cha mbele na kipaza sauti, na hakuna anayemuuliza mtu mwenye mshahara unaojulikana amepata wapi mamilioni yasiyojulikana. Tarehe 5 Julai 2024 Rais Ruto mwenyewe alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena katika harambee. Miezi minne baadaye, Novemba 2024, alitoa na kuahidi mamilioni ya shilingi katika kanisa moja la Kikatoliki jijini Nairobi, siku chache tu baada ya maaskofu wa kanisa hilo kuikosoa serikali yake. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha hizo zirudishwe.

Tunalitukuza tendo hilo. Kwa siku moja taifa liliona kwamba inawezekana kurudisha. Lakini twauliza: ni bahasha ngapi hazikurudishwa, katika madhehebu mangapi, katika kaunti ngapi? Paa la kanisa likiezekwa kwa mabati ya wizi, mahubiri chini yake huvuja. Mchungaji aliyekula kwa mkono wa mnyang'anyi Jumamosi hawezi kumwonyesha kidole Jumapili. Tunatoa wito kwa kila halmashauri ya kanisa iandike katika daftari jina la kila mwanasiasa anayechanga na kiasi anachotoa, ilisome daftari hilo mbele ya waumini, na ikatae mchango ambao asili yake haielezeki. Hilo halihitaji sheria ya Bunge wala ruhusa ya wahisani. Lahitaji ujasiri wa wazee kumi na wawili walio na ufunguo wa sanduku.

Kwa wanaharakati wenzetu, twasema hivi. Kazi yetu haikwishi uchaguzi unapokwisha. Mwaka 2003 wengi wa wenzetu waliitwa serikalini, viti vya mashirika ya kiraia vikabaki vitupu, na ilikuwa katika utupu huo ambapo Anglo Leasing ilimea. Anayetaka kuingia serikalini na aingie, lakini asiuzime moto nyuma yake. Kila kaunti ina bajeti, na bajeti hiyo ni ya umma kwa mujibu wa Katiba. Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutaja kwa jina idara na miradi. Na isomwe kwa sauti pale soko lilipo, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama, ili muuza mboga ajue kwamba daraja lililolipiwa halipo.

Na kwa wale walio madarakani, hatuna uadui nao. Tukiona mali imerudi mchana, ufunguo wa mashtaka umetoka mkononi mwa Ikulu, mfichuzi analala usingizi nyumbani kwake, mkubwa amesimama kizimbani akiwa bado mkubwa, na vitabu vimefunguliwa, tutakuwa wa kwanza kusema kwamba mageuzi yamekuja. Mpaka hapo, msitutangazie tume nyingine. Turudishieni kilicho chetu.